Tusiwacheke wanaounda vyombo vya anga kwa maboksi

Wanachuo wenzangu tunaojiandaa kwenda BTP, mtoto wa Ngara anayeunda chombo cha anga kwa maboksi na gundi hapotezi muda. Chukua kile cha Apollo 11 kilichotua Mwezini mwaka 1969. Miguuni kilikuwa na alumini iliyotengenezwa kama sega la nyuki, ibondeke yenyewe ili kishindo kisiwafikie waliomo ndani. Basi mtoto aweke yai kwenye chombo chake, akidondoshe, abadilishe miguu, arudie. Unataka fizikia gani tena?

Gari letu la familia liliparamia Fuso bovu lililoachwa barabarani usiku, kule Lusahunga, Biharamulo. Mbele lilijikunja lote. Baba na mama walikuwa wamefunga mikanda, wakatoka na michubuko tu. Mtaani watu wakasema, "Magari ya siku hizi makaratasi!" Kumbe kujikunja kule ndiyo kazi yake, kama ile miguu ya Apollo.

Sisi bado tunapanga kwenda kumwaga madesa ya "kani" ubaoni, eti shule hazina maabara. Maboksi yamejaa madukani Benaco na Rusumo. Na yai moja linatosha darasa zima, likipona.