Mtoto Huyo Si Mulozi



Katika kartie zetu, mtoto akizaliwa mwenye kuanguka kifafa, hashiki shingo, hasemi, watu wanaanza kunong'ona: eti ni mulozi. Mimi nasema hapana. Sababu iko ndani ya ile biolojia tunayokariri paka juu ya pointi.

Selule si mfuko wa maji. Iko na mifupa yake: nyuzi nyembamba za aktini, na mirija inayoitwa mikrotubuli, upana wake nanometri 25. Lakini mifupa hii si kama yetu. Inajengwa na kubomolewa saa zote, na ndiyo inayopatia selule ya neva umbo lake. Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alieleza ncha ya neva inayokua. Leo tunajua kwamba pale aktini inasukuma vidole vidogo mbele kupapasa njia, na mikrotubuli inafuata kuimarisha. Hivi neva moja inatoka uti wa mgongo mpaka mguuni, karibu metre moja.

Tena, mtoto akiwa tumboni, selule nyingi za ubongo zinazaliwa ndani kabisa, halafu zinasafiri kwenda juu. Mikrotubuli ndiyo inasaidia kuvuta kiini cha selule. Jeni mbili zinazosimamia kazi hiyo zilijulikana: LIS1 mwaka 1993, doublecortin mwaka 1998. Moja ikiharibika, selule zinakwama njiani na ubongo unabaki laini, bila mikunjo yake. Mtoto anapata kifafa, anachelewa kwa yote. Mara nyingi kosa la LIS1 linatokea upya, wazazi hawana nalo. Mulozi yuko wapi hapo?

Mtu ataniuliza: kila mtoto wa kifafa ana ugonjwa huo? Hapana, huo ni wa haba. Wengine ni malaria ya kichwa, wengine walizaliwa kwa shida. Lakini kila mara tutafute sababu kwa dokta, tusitafute mwenye kosa ndani ya nyumba. Dawa za kifafa ziko, na zinasaidia wengi.

Hata sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inaazibu mwenye kumsingizia mtoto ulozi. Basi, wewe uliyesoma, ukisikia neno hilo kwenu, usinyamaze. Tukinyamaza, tumesoma bure.

Mwanafunzi wa Biolojia-Kemia