Fundi Staa wa Kilindoni na Dawa Yake Moja: "Piga Windows Upya!"

Pale Kilindoni, Mafia, kuna fundi kompyuta mmoja, jina kapuni, mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa. Skrini nyeusi? Piga Windows upya. Gemu linakwama? Piga Windows upya. Ikigoma, anakuja na ya pili: "Kadi yako ya grafiki imekufa, agiza nyingine Dar."

Majuzi kaumia kijana mmoja anayetengeneza video za harusi. Kaapdeti draiva usiku, asubuhi kioo cheusi tii. Staa kaitwa, kafomati diski nzima bila kuuliza. Harusi mbili na klipu za papa potwe za msimu mzima zikaenda na maji. Kadi "iliyokufa" ikapachikwa kwenye kompyuta ya jirani, ikapiga mzigo kama kawa!

Jamani, huo si ufundi. Draiva ni programu tu, inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Ikizingua, inaondolewa. Nani anabomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama?

Fundi anayejiheshimu anaanza na cha bure: waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi yenyewe, au kwenye ubao mama? Halafu anaiwasha mashine kwa Safe Mode, ambako Windows haitumii draiva ile ya kadi, hivyo mara nyingi picha inarudi. Anaingia Device Manager, anabonyeza Roll Back Driver. Kitufe hakibonyezeki? Anakata intaneti ili Windows Update isijipachikie draiva yake, anaitoa mbovu, anaweka ya zamani iliyokuwa ikifanya kazi. NVIDIA, AMD na Intel wanaziweka za zamani kwenye tovuti zao, bure.

Na nyie mnaokimbilia kila kipya, hebu tulieni! Kadi kama GeForce GTX 660 na GTX 760 ziliachwa kwenye draiva mpya tangu 2021. Zao zinaishia toleo la 470. Mwenye mashine ya mtumba yenye kadi hiyo akilazimisha ya juu zaidi, anachoma bando tu. Faili moja linapita MB 500. Kuapdeti siyo sifa, tena katikati ya kazi ya mteja.

Watetezi wa staa watasema kadi huwa zinakufa kweli. Sawa, zinakufa. Ila kuna dalili: skrini inatoa mistari na madoa ya rangi hata kabla Windows haijaanza kuwaka. Hapo tena siyo draiva. Na kipimo ni kuijaribu kwenye mashine nyingine, si kubashiri kama mganga. Kisiwani kadi mpya inavuka bahari, mwenye kazi anakaa siku kadhaa bila kuingiza hata mia. Kumtuma mtu gharama hiyo kwa kubahatisha ni wizi wa mchana kweupe.

Fundi wa kweli ana swali moja kabla hajagusa kitu: "Mafaili yako umeyahifadhi wapi pengine?" Asiyeuliza hilo, mpe bisibisi yake aende zake, hata awe na mafans kibao status.

Wadau wa Kilindoni, Utende na Jibondo, nani keshapigwa hivi? Uwanja ni wenu, funguka!