Mti Umlishe Anayeulinda

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika vilima vya Kondoa vilivyoliwa na makorongo. Nyasi na miti vikarudi. Lakini amri peke yake haidumu: mfugaji aliyenyimwa malisho bila kupewa riziki nyingine hushawishika kurudi usiku. Sisi wa visiwani twajua kwamba mkarafuu hulindwa kwa kuwa humlisha mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mwembe na mkwaju: mizizi hushika udongo, matunda huleta fedha. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja. Hivyo twawahimiza wakuu: pamoja na katazo, mwananchi apewe miche, maji ya kiangazi, na haki juu ya mti alioupanda.