Vita vya Mezani

Kila makumbusho ya wazi ya Uingereza yanapotangaza siku za kuigiza maisha ya miaka ya 1940, maneno ya wakosoaji ni yaleyale: vita visivyo na maiti ni mchezo wa watu wazima waliovaa nguo za babu zao. Kwa kuwa hoja hiyo inawaheshimu wafu, watu huipokea bila kuipima. Mimi nadhani wanaoitoa wanachanganya vita na mapigano.

Tuchukue Beamish, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, makumbusho yaliyoanzishwa na Frank Atkinson mwaka 1970 baada ya kuvutiwa na makumbusho ya Skansen ya Sweden. Moja ya sehemu zake ni shamba la miaka ya 1940, si handaki wala uwanja wa mapigano. Mahali kama hapo, kinachofundisha kuliko vyote ni mgawo wa chakula cha mtu mmoja uliopangwa mezani: siagi gramu hamsini na kitu, majani ya chai kiasi hichohicho, sukari isiyofika robo kilo, yai moja. Mtoto akiuona atadhani ni kifungua kinywa. Mwambie ni wa wiki nzima, uone atakavyolitazama lile yai.

Hapo hakuna aliyedanganywa. Anayeigiza mlipuko wa bomu lazima adanganye, maana anajua jioni wote watarudi nyumbani. Lakini kuigawa siagi ile itoshe siku saba ni kazi ileile leo kama mwaka 1941.

Na vita vya mezani havikuisha pamoja na vya bunduki. Mgawo ulianza Januari 1940. Nyama haikuachiwa hadi Julai 1954. Mkate wenyewe, ambao wakati wote wa vita uliuzwa bila kuponi, ulianza kugawiwa mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya ushindi! Msimulie mtu mapigano yote unayoyajua, bado hataelewa kwa nini mshindi alikuwa akihesabiwa mikate.

Wengine hulalamika kwamba vifaa ni vya bandia. Sawa, ila barakoa nyingi halisi za kujikinga na gesi za wakati ule zina asbesto ndani. Mwalimu mwenye akili hamvalishi mwanafunzi kitu hicho ili tu somo liwe la kweli.

Nakubali jambo moja: zile dansi za wikiendi, midomo myekundu na magari ya jeshi yaliyong'arishwa, ni sherehe, na sherehe hiyo inapendeza kupita kiasi. Uchovu wa miaka sita hauigiziki kwa saa tatu. Lakini kuyahukumu maonyesho yote kwa dansi ni kuihukumu harusi kwa mpiga picha wake.

Lawama yangu iko kwingine. Meza ile huishia ukingoni mwake, kana kwamba kilichopungua juu yake hakikumgusa mtu mwingine. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, na nyuzi za kamba za huko zikakosekana, katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita, na serikali ya kikoloni ikawapeleka watu mashambani kwa lazima. Vita vilipokwisha, uhaba wa mafuta ya kula ndio ulioifanya serikali ya Uingereza ianzishe mradi mkubwa wa karanga hukohuko Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yalikuwa Kongwa, yakipasua ardhi ngumu ya Ugogo kwa ajili ya majiko ya Waingereza. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa, fedha nyingi zimekwenda na karanga hazionekani.

Kwa hiyo anayedai vita vya kweli kwenye maonyesho haya asiombe damu ya bandia. Aombe picha ya trekta la Kongwa iwekwe pembeni ya kile kipande cha siagi, na anayeuza tiketi aweze kueleza inafanya nini pale.