Mwalimu Aliyekataa "Kusaidia"

Majuzi alinijia ofisini kijana niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ambayo sitaitaja. Aliketi, akakataa chai, akasema: "Mwalimu, nimekuwa kama mkoma."

Kisa chake ni kifupi. Siku chache kabla ya mtihani wa kitaifa, walimu waliitwa kikaoni wakaombwa "kuwasaidia watoto". Maana ya maneno hayo haikuhitaji kamusi. Yeye alisimama akasema kwamba ameokoka, na kwamba hawezi kuwapa watahiniwa majibu siku ya Jumatano kisha Jumapili asimame kanisani na Biblia mkononi. Kimya kilitanda, halafu kicheko. Tangu siku hiyo anaitwa Askofu. Chama cha walimu wenzake kimemrudishia akiba yake bila maelezo, na mzazi mmoja amemwuliza hadharani kwa nini anawachukia watoto wa maskini.

Mimi ni mtu wa lugha, ndiposa neno hilo "kusaidia" limenikera. Wizi wa mtihani una msamiati wake humu nchini. Kikaratasi cha majibu kinachofichwa kwenye soksi wanafunzi hukiita mwakenya, jina lililotokana na kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980. Neno hilo angalau linakiri kwamba jambo lenyewe ni la mafichoni. Lakini "kusaidia" ni neno la Msamaria Mwema. Dhambi ikishavishwa joho la huruma, anayeikataa ndiye huonekana katili.

Nani asiyekumbuka KCSE ya 2015? Watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A. Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa, ulinzi ukakazwa, na mwaka huo A zikawa 141. Sisemi kwamba kila A ya 2015 iliibwa. Wapo waliotoa jasho. Nasema tu kwamba wengi wa walimu, wasimamizi na wazazi wa nchi hii ni watu wa kanisani.

Tunapenda kuwasifu maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, waliokemea upigaji kura wa mlolongo katika utawala wa chama kimoja. Twafanya vyema: Gitari alivamiwa nyumbani kwake usiku mwaka 1989. Hata hivyo, maaskofu walikuwa na mimbari, na magazeti yaliwanukuu. Mwalimu huyu hana ila kiti kimoja katika chumba cha walimu, nacho kimesogezwa pembeni. Kila mwaka shule zetu huandaa maombi ya watahiniwa, wahubiri wakazibariki kalamu. Sijasikia hata mara moja akiombewa mwalimu aliyekataa. Kanisa linalonyamaza hapo limejiunga na kile kicheko.

Kijana alinitazama akitaraji ushauri. Nami sina mikono safi. Nilipokuwa mhadhiri mchanga, mkubwa wangu kazini aliniomba niitazame upya karatasi ya mpwawe. Niliitazama upya, alama zikapanda kutoka 36 hadi 40, naye akapita. Hakuna aliyenitenga. Nilialikwa harusini, nikaketishwa meza ya mbele, na wali ule sijausahau.

Kwa hiyo sikumwambia alegeze kamba, wala sikumwahidi kwamba wenzake watamrudia. Nilimfungulia 1 Wafalme 22. Manabii wapatao 400 walikuwa wamekwisha kumtabiria Mfalme Ahabu ushindi, na mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya akamsihi naye anene mema kama wenzake. Ombi la kirafiki kabisa, wala hakutishwa kwa upanga. Mikaya akasema aliloonyeshwa. Akapigwa kofi mbele ya wafalme wawili, akatiwa gerezani kwa chakula kidogo na maji. Ahabu alikwenda vitani, akafa.

"Na Mikaya alifunguliwa lini?" kijana akauliza.

Nilimwambia kwamba Biblia haisemi. Alitazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akaiomba ile chai aliyoikataa.