Maiti Huyu ni wa Nani?

Ndugu yangu Muislamu, kabla sijakwambia neno lolote nakuuliza. Akifa Muislamu katika mtaa wako, akalala ndani tangu alfajiri hadi alasiri hana wa kumkosha, dhambi ni ya nani? Vitabu vyetu havina kigugumizi hapa. Kumkosha maiti, kumvisha sanda, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakisimama baadhi, wengine wamesalimika. Asiposimama hata mmoja, wamepata dhambi wote waliojua: imamu na maamuma, mwenye duka, na jirani aliyechungulia dirishani akarudisha pazia. Soma basi haya, kisha ujijibu mwenyewe.

Masika ya mwaka 2016 nilikuwa chuoni kwangu hapa Morogoro, watoto wanasoma Juzuu Amma, akaja kijana akasimama nje ya ua. Kajitanda mtandio, kauvuta mpaka puani. Akasema, "Shikamoo, maalim." Nikaitikia marahaba, naye hakuingia. Akaniambia wana maiti tangu alfajiri. Wamekwenda misikiti miwili. Wa kwanza wameambiwa wakoshaji wamesafiri, wa pili hawakupewa jibu, wamefungiwa mlango tu. Nikamuuliza maiti ni nani. Akanitajia jina, nami nikashindwa kusimama.

Jina lile nalijua. Zamani lilikuwa katika daftari langu. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, ana sauti ya kusomea ambayo sijaisikia tena katika chuo changu. Lakini alitembea na kusema kama msichana, na hakufundishwa na mtu. Alikuja nayo kutoka kwao, mdogo hivyo. Wenzake wakimcheka, na mimi sikuwakataza. Mwisho nikamwita mama yake, nikamwambia, "Mtafutie chuo kingine, huyu ataniharibia watoto." Mama hakunijibu. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka, na juzuu yake ikabaki kwangu mpaka ikaliwa na mchwa.

Nikachukua ndoo zangu, kata, kafuri na majani ya mkunazi, nikamfuata yule kijana.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, bondeni kando ya mto Morogoro. Nilipopiga hodi sauti zilikatika ndani. Katika umri wangu wote sikupata kuingia katika baraza la watu hawa, na ningeambiwa asubuhi ile kuwa jioni nitakuwamo, ningeapa kuwa ni uwongo. Walikuwa wanane. Wengine wamevaa madera, wengine khanga, mmoja kashika nywele zake za bandia mkononi kama aliyeshika ndege aliyekufa. Walipoona kilemba changu, wawili wakaanza kujifuta wanja kwa vitambaa, na wanja ukazidi kuenea. Hukutana hapo kila Jumamosi, wakivaa wanavyotaka na kuitana dada na shoga. Hayo ndiyo yanayosemwa mitaani, na ni kweli. Lakini mtaani hawasemi kwamba wana mchezo wa kupeana fedha kila mwezi, na mweka hazina, na daftari. Daftari lile nililiona. Marehemu aliugua majuma matatu, na kila siku ya majuma hayo imeandikwa nani kapeleka uji, nani kalala naye, nani katoa fedha ya dawa. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu. Nikatafuta katika kurasa zile jina la jirani yeyote mwenye kusali jamaa na mimi, sikuliona.

Nikawaambia wavue madera wavae misuli, maana maiti mwanamume hukoshwa na wanaume, nao ni wanaume. Wakavaa. Kucha za marehemu zilikuwa na rangi, na maji hayafiki chini ya rangi. Mmoja akaleta dawa ya kuitolea, akazifuta zote kumi za mikono na kumi za miguu, hakuacha hata alama. Kisha ikafika sanda. Yule mkubwa wao, mtu wa makamo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maalim, tukate nguo tatu au tano?" Wajua, msomaji, kwamba mwanamume huvishwa tatu na mwanamke tano. Nikamjibu: tatu. Mwenyezi Mungu kamuumba mwanamume, na hivyo hivyo tutamrejesha kwake. Hakubisha. Alikata tatu, akazikunja, na machozi yake yakaanguka juu ya bafta. Nilimwacha alie.

Najua utakaloniambia: "Shekhe, mbona hadithi ipo?" Ipo. Imo katika Bukhari kwa mapokezi ya Ibn Abbas, Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Sikuifuta wala sina uwezo wa kuifuta. Mwanamume kukusudia kuvaa mavazi ya kike ni haramu, na niliwaambia hivyo wale wanane uso kwa uso. Niliwaambia baada ya kumzika mwenzao, wala si kabla, na walinisikiliza.

Lakini wewe unayeishika hadithi hiyo kama fimbo, umezisoma na ndugu zake? Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake ndiyo tunayoisomesha pwani nzima, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim anawagawa watu hawa mafungu mawili. Yuko aliyeumbwa na ulaini huo katika sauti na mwendo, hakuutafuta. Huyo hana lawama wala dhambi kwa maumbile yake. Na yuko anayejitia kwa makusudi; huyo ndiye mwenye kulaumiwa. Mas-ala haya nimeyasomesha miaka mingi, msomaji. Niliyasomesha mwaka ule ule niliomfukuza mtoto wa miaka tisa.

Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba aliletwa kwa Mtume mtu aliyejipaka hina mikononi na miguuni, akaambiwa kuwa anajifananisha na wanawake. Akaamuru ahamishwe Madina, apelekwe mahali paitwapo Naqii. Masahaba wakauliza kama wamwue, akawajibu kwamba yeye amekatazwa kuwaua wenye kusali. Wako wanavyuoni waliosema juu ya isnadi yake, na wako walioisahihisha. Katika Abu Daud hiyo hiyo imo habari ya mwingine aliyetolewa mjini, ikasemwa kuwa huko nje atakufa kwa njaa. Basi akaruhusiwa kuingia mjini mara mbili kila wiki, aombe chakula kisha arejee. Zingatia hapo. Mtu aliyehukumiwa na Mtume mwenyewe haki yake ya mkate haikukatwa. Wewe uliyemhukumu mwenzako kwa uvumi wa kijiweni umemkatia hata maji ya kukoshewa.

Tena mnayatupa majina. Neno lile chafu mnalompigia kelele mtu barabarani, mnajua uzito wake? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kumsingizia mtu tendo lile ni kama kumsingizia zinaa. Asiyeleta mashahidi wanne walioona kwa macho, yeye ndiye mwenye kustahiki viboko themanini, na ushahidi wake haukubaliwi mpaka atubu. Khanga si shahidi. Mwendo si shahidi. Na Suratul Hujurat imekataza dhana, na kupelelezana, na kusengenyana, yote katika aya moja. Februari 2010, huko Mtwapa katika pwani ya Kenya, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wataoana. Watu wakakusanyika, na miongoni mwao wanaotajwa kwa dini, wakazingira kituo cha afya, wakawapiga watu waliowashuku na kuwakabidhi kwa polisi. Harusi haikuonekana. Nani aliwarudia wale waliopigwa kuwaomba radhi?

Na nyinyi kina mama, msidhani nimewasahau. Ni nani anayeitwa katika kichenpati zenu ili shughuli ichangamke? Nani anayewafunga wali khanga, akawachezea, akasema mbele ya binti zenu maneno ambayo somo na kungwi wa zamani waliyasema kwa kuficha? Usiku mnamtunza fedha na kumwita dada. Asubuhi mkikutana naye sokoni mnatema mate. Someni hadithi ya Umm Salama. Mukhannath aliyekuwa akiingia nyumbani kwa Mtume hakuzuiliwa mpaka siku aliposikika akimweleza mwanamume umbo la binti Ghaylan wa Taif. Hapo ndipo Mtume akasema watu hao wasiingie tena kwa wanawake. Amri ile waliambiwa wenye nyumba. Basi nanyi ndio wa kwanza kuulizwa, kwani milango ni yenu na mialiko mwaiandika nyinyi. Haifai mtu kuwa halali katika ngoma, kisha akawa haramu katika jeneza.

Turudi kwa maiti. Mama yake alikwisha kufa, lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mjomba akapigiwa simu huko Kinole, akasema, "Mleteni. Ni mtoto wetu." Basi. Mzee yule hakusoma Nawawi. Tukamsalia uani, mimi mbele, wale wanane nyuma yangu na waendesha bodaboda wawili waliosimama kwa huruma. Gari alitoa Mkristo muuza mkaa, akalipangusa kwanza kwa gunia. Tukashika njia ya Bigwa na Kiroka, tukapanda milima ya Uluguru kwa mvua na utelezi, mara mbili tukashuka kusukuma. Tulifika usiku, tukazika asubuhi katika ardhi ya ukoo, penye migomba.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nishike kalamu. Utani wa Waluguru ni wa ukoo kwa ukoo, na msibani watani wana kazi yao: ndio waliochimba kaburi lile. Wana na ruhusa yao ya mzaha. Tulipotoka makaburini, mtani mmoja, mzee mwenye mvi, akaufungua mfuko wa nguo za marehemu. Akavaa dera, akajitanda mtandio, akapita katikati ya waombolezaji akikata kiuno na kulegeza mkono, akimwiga marehemu. Mtani wa kike akavaa kanzu na kofia, akanifuata nyuma akikohoa ninavyokohoa mimi. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakawatupia fedha. Miongoni mwa waliocheka na kutoa walikuwamo watu wawili waliokuja kutoka mjini na kundi la asubuhi. Niliwatambua mara moja, na wale wanane waliwatambua kabla yangu: ndio wakoshaji waliosafiri.

Kwa hiyo dera lile lile jana lilikuwa sababu ya kumwacha Muislamu bila ya maji, na leo limekuwa tamasha la kutolea fedha! Nikawaendea, nikawauliza. Mmoja akasema, "Shekhe, huu ni mzaha tu." Ati mzaha. Hadithi ya Ibn Abbas haikumtaja anayelia ikamwacha anayecheka. Ingekuwa ni hukumu ya sharia inayowaongoza, wangeondoka pale kwa hasira. Wao hawachukii vazi. Wanachokichukia ni mtu anayelivaa akiwa peke yake, hana watu nyuma yake. Sikuwafukuza watani, na simlaumu mzee yule, maana mikono yake bado ilikuwa na udongo wa kaburi.

Mtasema nafungua mlango wa ufisadi. Niambieni, mliufunga lini? Mimi niliufunga mara moja, kwa mtoto mmoja, na alikokwenda baada ya hapo hakukuwa na msahafu. Unni Wikan, mwanachuoni wa Kinorwe, alieleza katika mwaka 1977 habari za mahanithi wa Sohar, huko Oman wanakotoka jamaa za wengi wetu. Walikaa na wanawake na kuimba harusini, lakini hanithi akitaka kurudi, akaoa, alipokewa katika safu za wanaume. Sikusifu yote ya huko. Nasema kurudi kulikuwa na njia. Hapa kwetu mtu akitaka kutubu atapita wapi, ikiwa mlango wa msikiti anafungiwa?

Yule wa makamo aliyekata sanda huja kwangu siku za Alhamisi baada ya alasiri. Huketi nyuma kabisa, karibu na viatu, amevaa kanzu. Akitoka hapo sijui anavaa nini, wala simfuati kutazama. Wazazi wawili wameondoa watoto wao kwa sababu yake. Waliobaki niliwaambia siku ya kwanza kwamba atakayecheka atanijibu mimi.

Ndoo mbili, kata na ubao wa kukoshea viko ukumbini kwangu, na bafta ipo. Mwenye maiti aliyekataliwa na abishe hodi, hata ikiwa ni usiku wa manane.