Mweleze Mtoto Sababu ya Kuhesabiwa

Mtoto akiuliza, "Baba, kwa nini Serikali inahesabu watu?" wengi wetu hujibu, "Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa." Mimi naona jibu hilo si jema. Mtoto asiyeelezwa leo ndiye mzee atakayemficha karani habari kesho.

Mweleze kwa mfano wa mbuzi. Ukiwahesabu malishoni, mmoja utamhesabu mara mbili na mwingine utamkosa, kwa kuwa hawatulii. Mchungaji mwenye akili huwahesabu jioni, wakiwa zizini. Serikali nayo hufanya vivyo hivyo. Katika hesabu ya mwaka 2019, usiku uliochaguliwa ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Makarani walizunguka mpaka tarehe 31, lakini waliuliza habari za usiku ule mmoja tu: Nani alilala hapa? Mgeni aliandikwa pale alipolala, na mtoto aliyekwenda kwa nyanya yake akaandikwa huko huko.

Kisha atauliza faida yake. Mwulize naye: Mama aweza kupika ugali bila kujua wangapi watakula? Unga ukipungua, wengine hulala njaa. Ukizidi, chakula huharibika. Ndivyo ilivyo kwa madarasa, dawa na visima. Tena fedha zinazogawiwa kaunti 47 hupimwa pia kwa idadi ya watu, na mipaka ya majimbo ya wabunge hutazama hesabu hiyo hiyo.

Mwonyeshe na tarakimu. Mwaka 1948 Kenya ilikuwa na watu karibu 5,400,000. Mwaka 1962 walikuwa kama 8,600,000. Mwaka 2019 walikuwa 47,564,296. Watu wameongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Anayejiuliza kwa nini shamba la babu yake limekatwa vipande vipande, jibu limo humo.

Najua wako wazee wanaoogopa. Wengine husema kuhesabu watoto na ng'ombe huleta balaa. Wengine walisimuliwa na baba zao jinsi wakoloni walivyohesabu nyumba ili wadai kodi. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, wala mimi siicheki. Lakini Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inamkataza karani kutangaza habari za mtu mmoja mmoja. Mwaka 2019 mifugo pia iliulizwa. Aliyeficha ng'ombe wake watano hakuokoa kitu. Alipunguza tu hesabu ambayo wenye kupanga chanjo na majosho huitazama.

Kosa kubwa zaidi ni kumsahau mtoto mchanga. "Huyu bado mdogo," watu husema, "haidhuru." Inadhuru! Mtoto wa miezi mitatu anahitaji chanjo mwaka huu huu, na baada ya miaka michache atahitaji dawati. Watoto wengi wa kijiji wasipotajwa, wanne watabanana penye nafasi ya wawili, nasi tutamlaumu mwalimu bure.

Kenya huhesabu watu wake kila miaka kumi. Basi, karani atakapobisha hodi, usimfukuze mtoto wako akacheze nje. Mketishe karibu asikilize, naye akukumbushe jina la yule uliyemsahau.